Wanaimba tebo yote, lakini 7 mara 8 hawaijui

Swali

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha hisabati darasa la nne, lenye wanafunzi 43. Shule yetu ina kanuni kwamba muhula usiishe kabla kila mwanafunzi hajakariri tebo ya 2 hadi ya 12. Kila asubuhi watano huitwa mbele, mmoja mmoja anasimama na kuimba tebo aliyopangiwa. Asiyekwama hupigiwa makofi. Anayekwama hurudia kesho yake mbele ya wale wale.

Kwa kuimba hawajambo. Mtu akipita nje ya dirisha atadhani nina darasa la mabingwa. Shida inaanza tukifika kwenye kugawanya na kwenye sehemu. Nimewapa 56 ÷ 7, wengi wamechora vijiti pembezoni mwa daftari. Ukimuuliza mtoto ghafla "7 mara 8 ngapi?", anatazama juu na kuanza "saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne", huku anakunja vidole. Ukimkatiza katikati anaanza upya. Majibu yao ya kukosea nayo yananichanganya: kwa 6 × 8 nimepata 54, 42, 46, 14 na hata 84. Nina pia binti mmoja ambaye kwenye daftari hakosi, lakini akisimama mbele anakuwa bubu.

Walimu wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema kukariri kumepitwa na wakati, mtoto akielewa maana ya kuzidisha inatosha, kwa kuwa simu itamfanyia mengine. Mwingine anasema tukaze zaidi, aliyekwama abaki amesimama mpaka aweze. Wazazi wananiuliza mimi, na sina jibu moja la kuwapa. Je, niendelee kuwalazimisha? Kama ndiyo, nianzie wapi, na wale wasioshika kabisa niwafanyeje?

Mwalimu wa Darasa la Nne

Jibu

Marahaba, mwalimu.

Endelea kuwalazimisha, ila badilisha kile unachowalazimisha. Kanuni yenu imedai wimbo, na watoto wameleta wimbo. Katika wimbo kila jibu limefungwa kwenye lililotangulia: 56 inakuja kwa sababu 49 imetajwa kabla yake. Mtoto anayeanzia 7 mara 1 ili afike 7 mara 8 hajasahau kitu, anapita njia pekee aliyofundishwa. Unachokitafuta wewe ni 56 itoke yenyewe, uwe umeuliza 7 mara 8, 8 mara 7, au 56 ina 7 ngapi. Hayo ni mazoezi tofauti na kuimba, na wimbo peke yake hauwezi kuyaleta hata ukirudiwa mwaka mzima.

Mwenzako anayeitegemea simu mpe swali dogo: rahisisha 42/56. Mtoto mwenye tebo kichwani anaona palepale kwamba 42 na 56 zote ni vigawe vya 7, anabaki na 6/8, kisha 3/4. Asiye nayo anaziangalia namba mbili zisizohusiana, hajui hata pa kuanzia. Kikokotoo kitamwandikia 0.75, na ile 7 iliyomo ndani ya namba zote mbili hataiona kamwe. Kwenye aljebra atahitaji kuiona kila siku.

Au chukua 3,456 ÷ 8. Kwenye 34 kuna 8 mara 4, inabaki 2. Unashusha 5, inakuwa 25: 8 mara 3, inabaki 1. Unashusha 6, inakuwa 16: 8 mara 2. Jibu ni 432. Ndani ya swali moja mtoto ameihitaji tebo ya 8 mara tatu, na wakati huohuo anatoa, anashusha tarakimu, na anakumbuka yuko hatua gani. Akili inaweza kushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja. Anayeacha hesabu akachore vijiti 34 pembeni, akirudi ameshasahau alikuwa anashusha tarakimu ipi. Ndiyo maana darasa lako linaonekana halijui kugawanya, wakati huenda hatua za kugawanya wanazijua vizuri na kinachowaangusha ni tebo.

Kuelewa nako ni lazima, na hapo mwenzako huyo ana hoja. Mtoto asiyejua kwamba 4 × 6 ni mistari 4 yenye vitu 6 kila mmoja anakariri sauti tu. Lakini kuelewa hakumpi jibu la haraka. Tangu 2022 shule za serikali Uingereza zinalazimika kuwapima watoto wa miaka 8 hadi 9 tebo hadi 12 × 12: maswali 25, sekunde 6 kwa kila swali. Marekani, viwango vya hisabati vinavyofuatwa na majimbo mengi vinataka mwisho wa darasa la tatu mtoto ajue kwa kichwa majibu yote ya kuzidisha namba mbili zenye tarakimu moja moja. Angalia jinsi kipimo cha Uingereza kinavyoulizwa: maswali yamechanganywa, hakuna wimbo, na mtoto anaandika jibu lake kwenye kompyuta akiwa peke yake. Hapigiwi makofi wala hazomewi.

Yanayobaki ya kukariri ni machache

Watoto wanaogopa tebo kwa sababu wanaletewa mlima mzima. Kabla ya yote chora ubaoni jedwali la 10 kwa 10, miraba 100, ulipunguze mbele yao. Futa mstari na safu za 1 na 10, maana hizo kila mtu anazijua: miraba 36 imeondoka, imebaki 64. Sasa waonyeshe kwamba 3 × 8 na 8 × 3 ni kitu kimoja. Panga vizibo katika mistari 3 ya 8 juu ya karatasi, kisha igeuze karatasi robo mzunguko: vizibo ni vilevile, mistari imekuwa 8 ya 3. Kunja jedwali kwa mshazari na miraba 64 inakuwa 36. Ondoa za 2, ambazo ni kujumlisha namba na nafsi yake, zinabaki 28. Ondoa za 5, zinabaki 21.

Hizo 21 ndizo kazi ya muhula wako. Wachina wamelijua jambo hili kwa karne nyingi: wimbo wao wa jadi wa kuzidisha, kuanzia 1 × 1 hadi 9 × 9, una mistari 45 tu badala ya 81, kwa kuwa kila jozi hutajwa mara moja, namba ndogo ikitangulia.

Zipange hizo 21 kwa utaratibu huu: tebo ya 4, ya 3, ya 6, ya 8, ya 9, kisha ya 7. Kila ukihama, mapya yanapungua. Kwenye 4 kuna mapya 6 (4 × 3, 4 × 4, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8, 4 × 9). Kwenye 3 yanabaki 5, kwenye 6 ni 4, kwenye 8 ni 3, kwenye 9 ni 2. Ukifika kwenye 7, ambayo watoto wanaiogopa kuliko zote, jambo jipya ni moja tu: 7 × 7 = 49. Waambie hivyo mapema, na uwaonyeshe kwenye jedwali. Mtoto aliyekata tamaa na 7 anahitaji kuona kwa macho yake kwamba karibu yote ameshayajifunza akiwa kwenye tebo nyingine.

Kwanza njia ya kulifikia jibu, kisha kadi

Kila jibu jipya lifikiwe kwanza kupitia jibu analolijua. Za 4 ni kuzidisha kwa 2 mara mbili: 7, 14, 28. Za 8 unaongeza hatua moja: 7, 14, 28, 56. Za 3 ni mara mbili ujumlishe moja tena: 3 × 7 ni 14 na 7, yaani 21. Za 6 zina njia mbili, kuiongeza ya 3 maradufu (3 × 8 ni 24, kwa hiyo 6 × 8 ni 48) au kuanzia ya 5 (5 × 7 ni 35, ongeza 7, 42). Za 9 anzia 10 urudi nyuma: 9 × 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Hapo kuna na njia ya kujikagua: tarakimu za jibu zikijumlishwa lazima zifike 9, 6 na 3.

Njia hizi zina mahali pake pa kukwama, na ni palepale kila mwaka. Mtoto anafika 28 na hawezi kupata 28 na 28, kwa sababu 8 na 8 inavuka kumi. Ataacha njia na kurudi kwenye vidole. Kwa hiyo kabla hujagusa tebo ya 8 tumia siku chache kuwaongezesha namba maradufu: 14, 16, 18, 24, 28, 32, 36. Ule ujanja wa kukunja kidole kwa tebo ya 9 mimi siupendi. Unatoa jibu sahihi, lakini haumfundishi mtoto kwamba 63 iko 7 chini ya 70.

Baada ya kuelewa njia, sasa jibu lenyewe likaririwe, na hapa ndipo shule nyingi zinapoteza muda. Andaa kadi ndogo kutoka kwenye maboksi au majalada ya daftari kuukuu. Ninapendelea kadi ya pembetatu, yenye upana wa kiganja: juu andika 56, kona mbili za chini andika 7 na 8. Mwulizaji anafunika kona moja kwa dole gumba. Akifunika juu, mwenzake anaona 7 na 8, anasema 56. Akifunika 8, mwenzake anaona 56 na 7, anasema 8. Kadi moja, na kuzidisha na kugawanya vinakaririwa pamoja. Wakisoma kwa sauti, waseme kwa ufupi "saba nane, hamsini na sita", bila "ni sawasawa na" katikati. Sentensi fupi inashikika nzima.

Chukua kadi 1 mpya na kadi 5 ambazo mtoto anazijua bila wasiwasi. Uliza mpya, kisha ya kwanza. Mpya, ya kwanza, ya pili. Mpya, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Endelea hivyo mpaka mpya ifuatwe na zote 5. Jumla ni maswali 20, na ile mpya imeulizwa mara 5, kila mara baada ya nafasi ndefu kidogo kuliko ya mwanzo. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi. Ukimuuliza mtoto 6 × 8 mara tano mfululizo, mara nne za mwisho hakumbuki chochote, anarudia alichokisikia sasa hivi.

Mpe sekunde 3. Zikipita bila jibu, mwulizaji ataje jibu, mtoto arudie sentensi nzima, kisha kadi hiyo irudi baada ya kadi mbili. Usimwache akae anahesabu vidole katika zoezi hili, maana atakuwa anafanya mazoezi ya kuhesabu vidole. Wakati wa kutafuta njia ulikuwa mwanzo wa somo. Darasa la 43 litakupa jozi 20 na kundi moja la watu watatu. Wakishazoea, dakika 6 au 7 mwanzoni mwa kipindi zinatosha wote wawili kuulizwa. Ziwe kila siku. Dakika 40 za Ijumaa hazilingani na dakika 7 za kila siku, ingawa jumla inakaribiana.

Kadi iliyokwisha kushikwa isitupwe. Iulizwe kesho, baada ya siku 3, baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 vipimo vya jinsi kumbukumbu inavyopotea: kwa kasi kubwa mwanzoni, kisha polepole. Kuulizwa wakati jibu linakaribia kutoroka ndiko kunakolirudisha na kulifanya likae zaidi. Ukiona Jumatatu wamesahau walichokijua Alhamisi, usichukie. Uliza tena, na safari hii kitadumu zaidi.

Kitu kimoja cha kuepuka kwa gharama yoyote: usilete 6 × 8, 6 × 9 na 7 × 8 katika wiki moja. Majibu 48, 54 na 56 yanavutana, na namba zinazoyazaa ni zilezile. Katika wiki ya tebo ya 6 fundisha 6 × 8, ukiiacha 6 × 9 mpaka tebo ya 9 (kwa hiyo mapya ya 6 yatakuwa 3, na ya 9 yatakuwa 3). Kati yake 7 × 8 itakuwa imeingia kwenye tebo ya 8, baada ya 48 kukaa imara. Ukizileta pamoja utasahihisha mchanganyiko huo mwaka mzima.

Kosa linakuambia cha kufanya

Majibu yako matano ya 6 × 8 yametoka kwa watoto wenye shida tano tofauti, kwa hiyo dawa moja haitawafaa wote. Aliyejibu 42 ameishia 6 × 7: anahesabu kwa hatua za sita na amekosa hatua moja, pengine kwa kukunja kidole cha kwanza kabla hajaitaja 6. Huyu bado yuko kwenye wimbo, anahitaji kadi. Aliyejibu 54 huenda amezidisha hatua moja, au ameichomoa 54 kichwani bila kuhesabu na ikawa ya jirani. Mtazame: kama amejibu haraka bila vidole, yuko karibu kufika, mpe kadi ya 6 × 8 na kadi ya 6 × 9 kwa siku tofauti, na kwa kila moja njia yake ya kujikagua.

46 si kigawe cha 6 kabisa. Huyo anajumlisha moja moja na amepotea njiani. Usimpe kadi ya 6 × 8 leo. Rudi naye kwenye kujumlisha hadi 20 na kwenye maradufu. Aliyejibu 14 amejumlisha badala ya kuzidisha. Ama hakuitazama alama, ama hajui tofauti, na vizibo vilivyopangwa kwa mistari vitakuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Aliyejibu 84 jibu analijua, amegeuza makumi na mamoja wakati wa kuandika. Mwulize kwa mdomo: akisema arobaini na nane, shida ni ya kuandika namba na haina uhusiano na tebo.

Zingatia na sifuri. Mtoto anayeandika 5 × 0 = 5 hajasahau, haelewi. Mifuko 5 isiyo na kitu ina jumla ya vitu vingapi? Swali hilo linamtosha.

Kusimama mbele

Acha kuwasimamisha. Kumwacha mtoto amesimama mpaka aweze, kama anavyotaka mwenzako wa pili, ni kumpa hofu na kumtaka afikirie kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 watafiti Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha kwamba hofu ya hisabati inakula nafasi ileile ya akili inayoshika hatua za hesabu wakati mtu anakokotoa. Binti yako hana upungufu wa tebo. Majibu anayo, na daftari lake limekuthibitishia hivyo. Asimame mbele ya darasa akitaka mwenyewe, na upimaji wake uhamie kwenye karatasi kuanzia wiki hii.

Kipimo kiwe hivi. Mara moja kwa wiki soma maswali 20 yaliyochanganywa, yakiwemo matano ya kugawanya, ukiacha sekunde 6 baada ya kila swali. Watoto wanaandika majibu tu, 1 hadi 20. Kisha unasoma majibu, kila mmoja anajisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, na anachokosa anakitengenezea kadi. Kila mtoto awe na jedwali dogo nyuma ya daftari ambamo anapaka rangi mraba wa kila jibu alilolipata wiki mbili mfululizo. Alama zisibandikwe ukutani wala zisisomwe kwa majina. Analinganishwa na karatasi yake ya wiki iliyopita.

Muda una kazi yake, usiufute. Bila sekunde 6 huwezi kumtenganisha anayekumbuka na anayehesabu haraka. Lakini uanze na muda pale tu mtoto anapoyajua majibu mengi. Kumpima kwa saa mtoto anayejua 5 kati ya 20 hakukuambii chochote usichokijua, na yeye kunamwambia ajaribu kubahatisha.

Wasioshika kabisa

Watakuwepo wachache ambao baada ya wiki kadhaa za kadi bado wanapoteza walichokipata jana. Kabla ya kusema lolote juu ya uwezo wao, kagua mambo matatu kwa dakika chache, mmoja mmoja: je, anajua 8 + 7 bila vidole? Je, anaweza kuongeza 16 maradufu? Je, akiona mistari 4 ya vizibo 6 anaweza kukuandikia 4 × 6? Mara nyingi kimojawapo kinakosekana, na tebo haiwezi kujengwa juu yake. Kifundishe hicho kwanza.

Wapo pia wanaoelewa vizuri lakini kuyachomoa majibu kwa haraka ni kugumu kwao kwa muda mrefu. Wenye disikalkulia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza namba na hesabu, na wengi wa wenye shida ya kusoma, huwa hivyo. Hawa usiwafungie mlango wa sehemu na kugawanya wakisubiri tebo. Wape jedwali lililoandikwa walitumie katika masomo mengine yote ya hisabati, huku kadi zikiendelea kwa kasi ndogo, mpya moja kwa wiki. Kila jibu linaposhikika, wafunike mraba huo kwa kipande cha karatasi. Baada ya muda watakuwa wanalitazama jedwali kwa zile sugu tu, ambazo kwa watoto wengi ni 10: 3 × 4, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8, 6 × 7, 6 × 8 na 7 × 8.

Utakachompelekea mwalimu mkuu

Usiende kuomba kanuni ifutwe. Omba iandikwe upya hivi: "Mwisho wa muhula kila mwanafunzi ajibu kwa maandishi maswali 25 yaliyochanganywa ya kuzidisha na kugawanya hadi 10 × 10, sekunde 6 kila swali." Ni kanuni kali kuliko ya sasa, na atakayeisoma ataona hivyo. Mapya 21 kwa kasi ya matatu kwa wiki ni wiki 7. Weka wiki 2 za kwanza kwa maradufu, vizibo, na tebo za 2, 5 na 10, na zinazobaki kwa marudio.

Tebo za 11 na 12 zije mwisho. Ya 11 hadi 9 inajionyesha yenyewe: 33, 44, 55. Ya 12 ni ya 10 ukiongeza ya 2, kwa hiyo 12 × 7 ni 70 na 14, yaani 84. Mwenye tebo ya 2 na ya 10 anaipata ndani ya sekunde chache bila kuikariri, na kwa darasa la nne hiyo inatosha.

Wazazi wanaokuuliza wape kazi moja: kadi 6 jioni, 1 mpya na 5 za zamani, kwa utaratibu uleule wa darasani, dakika 2 au 3. Waambie wasiwaimbishe watoto tebo nzima, na wasiongeze kadi ya pili mpya siku hiyohiyo hata kama mtoto ameipata ya kwanza upesi.